Kona ya Mwalimu: Somo lipi ukiliacha halirudi?

Msimu wa fomu umeingia. Naujua kwa barua zenu. Miezi mingine mnaniuliza namna ya kupanga ratiba au kushindana na usingizi, lakini zikigawiwa tu fomu za kuchagua masomo, barua zote zinaleta swali lile lile limebadilisha nguo. Nimetoa nne. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha kwenye bahasha.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 15 na wiki ijayo narudisha fomu. Siku moja nataka udaktari, siku nyingine sheria, na juzi nimemsikiliza mtu akieleza saikolojia nikaona huko ndiko kwangu. Napenda baiolojia na historia. Hesabu nazipata ila sizipendi. Kemia naiogopa. Rafiki zangu wote wanajua wanachotaka isipokuwa mimi. Nichague nini nisije nikajifungia mlango? – Binti Njia Panda

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hao rafiki zako. Nimefundisha hesabu miaka 29, na muda mwingi kati ya hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakaa na wanafunzi wakijaza fomu. Wale wa "najua ninachotaka" walijaza kwa wino, dakika tano, wakatoka. Wengi wao nimekuja kukutana nao ukubwani wakifanya kazi ambazo siku ile hawakuwa hata wamezisikia. Wewe umekuja na penseli na kifutio. Sina wasiwasi na wewe.

Ila swali lako nitaligeuza. Ukiuliza masomo gani yanafungua milango mingi, kila mwalimu atakutajia la kwake. Uliza hivi: somo gani nikiliacha leo sitaweza kulirudia?

Maana masomo hayaachiki sawasawa. Sheria huanzwa chuoni tangu ukurasa wa kwanza. Hakuna anayetegemea uingie ukiwa unajua mkataba ni kitu gani. Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza, kwa mfano, hakidai somo lolote maalumu kwa anayeomba kusoma sheria. Kinataka alama nzuri na kichwa kinachoweza kusoma maandishi marefu na kuyajengea hoja. Saikolojia nayo huanzwa chuoni, ingawa ina takwimu nyingi kuliko watu wanavyodhani, na vyuo vingine hupenda uwe umesoma angalau sayansi moja. Kadhalika falsafa, sosholojia, uandishi wa habari.

Kemia haiko hivyo. Mhadhiri wa mwaka wa kwanza wa udaktari au famasia hatakufundisha atomu. Anahesabu kwamba ulishamaliza huko, kwa sababu yeye ana haraka ya kufika kwenye namna dawa inavyojishika kwenye protini. Hilo hulielewi bila kuelewa jinsi atomu zinavyoungana, na muungano huo hauuelewi bila elektroni. Kemia ni ngazi. Hesabu ni ngazi. Fizikia ni ngazi iliyoegemezwa juu ya ngazi ya hesabu. Lugha ya kigeni pia ni ngazi, jambo ambalo watu husahau. Historia ni kama uwanja: unaweza kuingilia upande wowote ukakuta pa kusimama. Walimu wa historia msininunie. Sisemi ni rahisi, nasema ina viingilio vingi.

Angalia watu wanavyohama. Margaret Thatcher alimaliza kemia Oxford mwaka 1947, akafanya kazi ya ukemia, halafu akasomea sheria akawa wakili, na mwaka 1979 akawa waziri mkuu wa Uingereza. Angela Merkel alisoma fizikia, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1986, kisha akaiongoza Ujerumani kuanzia 2005 hadi 2021. Sasa nitafutie wakili aliyeamka na miaka 30 akageuka mkemia. Utampata, lakini muulize alirudi darasa la watoto wa umri gani. Na huyo Thatcher mwenyewe kidogo akwame: enzi zake Oxford ilidai Kilatini hata kwa anayekwenda kusoma kemia, naye hakuwa nacho, ikabidi akimeze kwa haraka kwa masomo ya pembeni. Somo moja tu ambalo halikuhusiana kabisa na alichokwenda kusoma.

Kuhusu kuiogopa kemia, nikwambie langu. Mimi niliiacha nikiwa na miaka 16. Sikuiacha kwa sababu ilinishinda. Mwalimu wake alikuwa na tabia ya kurudisha madaftari kuanzia alama ya juu hadi ya chini, anasoma kwa sauti, na mimi nilikuwa wa mwishomwisho. Nikasema huyu mtu simwoni tena. Miaka mitatu baadaye nikataka famasia. Nakumbuka nimesimama mbele ya ubao wa matangazo, kidole kinashuka kwenye safu ya masharti: kemia, kemia, kemia. Chuo baada ya chuo. Nilijiandikisha masomo ya jioni nikaanza upya, nikakaa na swali linalouliza gramu 36 za maji ni moli ngapi (moli ni kipimo cha wakemia cha kuhesabia chembe), nikalitazama kama maandishi ya kaburini. Moli moja ya maji ni gramu 18, kwa hiyo ni kugawanya kwa 18 tu. Ni moli mbili. Lakini nilikuwa nafanya kazi mchana, na ngazi ile nilikuwa naipanda peke yangu gizani. Mtihani nilianguka. Ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa hesabu, kazi niliyoipenda sana. Nakusimulia ujue kwamba famasia sikuikataa mimi. Aliikataa msichana wa miaka 16 aliyekuwa amekasirika.

Kwa hiyo kabla hujasema unaiogopa kemia, chukua karatasi zako mbili za mwisho za mtihani, ukae nazo nusu saa. Weka alama kila ulipopoteza maksi. Nina karibu hakika zitalundikana mahali pamoja, na mara nyingi mahali hapo ni moli na uwiano. Hiyo ni hesabu ya mgawanyo, na hesabu umesema unazipata. Kama maksi zimemwagika kila kona, hapo tuna mazungumzo mengine.

Udaktari karibu kila mahali unadai kemia, na baiolojia huifuata. Ziko nchi na vyuo vinavyodai fizikia juu yake, kwa hiyo usijaze fomu kabla hujasoma masharti ya unakotaka kwenda. Hata Marekani, ambako udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shahada hiyo inaweza kuwa ya muziki, mwombaji hutakiwa kwa kawaida awe amepitia baiolojia, kemia na fizikia.

Kama mfumo wako unaruhusu masomo manne, ningechukua kemia, baiolojia, hesabu na historia, nikalala usingizi. Kama ni matatu na fizikia haidaiwi unakolenga: kemia, baiolojia na historia. Ukifanya hivyo elewa unachokiacha. Uhandisi umeuaga, na uchumi kwenye vyuo vingi umeuaga. Kwa kuwa hukuvitaja hata mara moja katika barua yako ndefu (ilikuwa kurasa tatu, wasomaji), sidhani kama utavililia. Kuacha mlango si kosa. Kosa ni kuuacha bila kujua kuwa ulikuwepo.

Mwalimu, habari za kazi. Kijana wangu anachora tangu mdogo na anataka usanifu majengo. Amepanga achukue sanaa, jiografia na fasihi, aache hesabu na fizikia. Mimi nasema achukue sayansi zote tatu na hesabu, akimaliza ndipo achague. Tumeanza kununiana mezani. Tuamulie. – Baba Mchoraji

Mzee mwenzangu, kila mmoja wenu ana nusu ya jibu, na kila mmoja anaishika kama fimbo.

Kijana anakosea kwenye hesabu. Vyuo vya usanifu majengo havifanani: vingine vinadai hesabu, vingine hesabu na fizikia, vingine havitaji somo. Lakini ukizisoma orodha zao, hesabu ndiyo inayojirudia. Akiiacha atakuwa anaomba kwenye kipande tu cha vyuo ambavyo angeweza kuviomba.

Wewe unakosea kwenye sanaa. Vyuo vingi vya fani hiyo vinataka kuona mkusanyo wa kazi za mwombaji: michoro ya mkono, vielelezo vya kuunda, daftari la mawazo yanayoanza na kubadilika. Mkusanyo kama huo hautengenezwi likizo ya mwisho. Unakua taratibu, na darasa la sanaa ndilo linalompa muda, vifaa na jicho la mtu wa kumwambia mchoro huu mbovu. Ukimtoa sanaa ili aongeze baiolojia, umembebesha somo ambalo fani yake haimuulizi, ukamnyang'anya lile inalomuuliza.

Halafu kuna hili la "sayansi zote, akimaliza ndipo achague." Nalisikia kila mwaka, na nia yake ni njema. Kwenye karatasi mlango uko wazi. Lakini vyuo vinadahili kwa alama, na kijana mwenye masomo manne mazito asiyoyapenda, akatoka na alama za kusuasua zote nne, anakuta milango yote imeegeshwa na hakuna hata mmoja anaoweza kuusukuma.

Nikupe mfano wa hofu hii ikiwa kubwa kuliko familia moja. Kundi la vyuo vikuu 24 vya Uingereza vinavyojiita Russell Group liliwahi kutoa orodha ya masomo yanayodaiwa zaidi na kozi zao: hesabu, fizikia, kemia, baiolojia, historia, jiografia, fasihi ya Kiingereza, na lugha. Ilikuwa orodha ya msaada tu. Shule na wazazi wakaigeuza sheria, somo lisilomo likaonekana takataka, na watu wa sanaa na muziki wakalalamika kwamba wanakimbiwa. Mwaka 2019 kundi lenyewe likaifuta, likahamia kwenye utaratibu wa kuanza na kozi anayoitaka mwanafunzi kisha kurudi nyuma kwenye masomo.

Fanyeni hivyo hivyo. Jioni moja kaeni wawili, simu ya kijana katikati. Mchague kozi tano: tatu za usanifu majengo katika vyuo tofauti, moja ya uhandisi ujenzi, na moja ambayo hakuna kati yenu aliyeifikiria, tuseme mipango miji. Fungueni ukurasa wa udahili wa chuo chenyewe. Usichukue maneno ya jirani, wala ya mpwa aliyesoma huko zamani. Chora safu mbili: "lazima" na "inapendelewa". Maneno haya mawili yanachanganywa kila siku. "Lazima" ni ukuta. "Inapendelewa" ni mbio, na alama nzuri kwingine zinaweza kukufidia. Mkimaliza kozi ya tatu nadhani mtakuwa mmeshaona wenyewe: hesabu, fizikia, sanaa. Jiografia ikiingia kama ya nne, haidhuru.

Angalieni pia masharti ni ya mwaka gani. Yanabadilika. China ililegeza utaratibu wake wa mtihani wa kuingia vyuo vikuu, ikaanza kwa majaribio Shanghai na Zhejiang mwaka 2014, wanafunzi wakapewa uhuru wa kuchanganya masomo. Wengi wakaikimbia fizikia, kwa sababu alama zilipangwa kwa kulinganishwa na wenzako wa somo hilo, na nani anataka kulinganishwa na vichwa vinavyopenda fizikia? Baadaye masharti yakakazwa: kuanzia waliofanya mtihani mwaka 2024, kozi nyingi za uhandisi na udaktari zikadai fizikia na kemia kwa pamoja. Mwongozo huo ulitangazwa mwaka 2021, miaka mitatu kabla, na aliyeusoma alikuwa na muda wa kujipanga.

Na mezani muanze kuongea. Hilo halihitaji mwalimu.

Mwalimu, mimi nilishachagua na nimechagua vibaya. Niko mwaka wa mwisho, nasoma historia, fasihi na jiografia. Sasa nataka sayansi ya kompyuta, au basi uchumi. Kila ninayemuuliza ananiambia nimechelewa. Nimechelewa? – Wa Mwisho Kwenye Foleni

Umechelewa kwa somo moja, mwanangu, si kwa maisha.

Watu wengi wanadhani ili usome sayansi ya kompyuta lazima uwe umesoma kompyuta shuleni, na ili usome uchumi lazima uwe umesoma uchumi. Soma masharti ya vyuo vinavyobana kweli kweli. Oxford, Cambridge na Chuo cha Imperial cha London kwa sayansi ya kompyuta wanadai hesabu. Kompyuta yenyewe hawaidai. LSE, yaani chuo cha uchumi cha London, na Cambridge kwa uchumi, hivyo hivyo: hesabu ndiyo lazima. Kwa hiyo shimo lako lina jina moja, na hilo ni afadhali kuliko mashimo matatu.

Lakini kabla hujaanza kulifukia, jipime. Tafuta kitabu cha hesabu cha ngazi unayotakiwa kuwa nayo, ukae nacho saa moja kila siku kwa wiki sita. Sisemi uandike programu, maana kuandika programu ndogo kunafurahisha karibu kila mtu na hakutakuambia chochote. Nasema hesabu: vipeo, logi, uthibitisho, mabadiliko ya mistari iliyopinda. Wiki ya pili utachukia. Niambie wiki ya tano unajisikiaje. Nimewahi kuwa na mwanafunzi wa fasihi aliyefika wiki ya tano akaanza kuniamsha kwa ujumbe wa usiku, "Mwalimu, nimeipata." Na nimekuwa na wengine waliogundua kwamba walichopenda ni wazo la kuajiriwa kwenye teknolojia, na hilo lina njia nyingine.

Ukiona unaweza, kuna njia tatu. Ya kwanza, maliza mitihani yako vizuri, halafu mwaka unaofuata ufanye hesabu peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea, pale utaratibu wa kwenu unaporuhusu. Mwaka mmoja unaonekana mrefu ukiwa na miaka 18. Ukifika umri wangu utaucheka. Ya pili ni mwaka wa maandalizi ambao vyuo vingine hutoa kwa waliokosa somo. Ya tatu ni kuanzia stashahada ukapanda hadi shahada. Kwa hizi mbili za mwisho nakuomba jambo moja: kabla hujalipa hata senti, kiulize chuo unachotaka kuishia kama kinakubali cheti hicho, tena kwa maandishi. Nimeona watu wamepanda ngazi vizuri kabisa wakakuta imeegemezwa ukuta mwingine.

Usiidharau jiografia yako pia. Mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani ramani zinazobeba takwimu, ni kazi ya kompyuta kweli kweli, na anayeijua ardhi na pia anaweza kuandika msimbo hapati tabu kueleza anafanya nini. Fasihi nayo inakupeleka kwenye isimu, na isimu siku hizi imeingiliana na kompyuta kuliko tulivyowahi kufikiria. Huko hesabu zitakufuata, lakini zitakukuta tayari uko ndani.

Mwalimu, shuleni kwetu kuna hesabu za aina mbili na mshauri anasema zote ni hesabu tu. Nataka uhandisi. Ni kweli? – Nusu Saa Kabla ya Fomu

Si kweli, na nashukuru umeuliza.

Mfano ulio wazi ni wa International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wa sekondari. Mwanafunzi huchukua masomo sita, kwa kawaida matatu katika ngazi ya juu na matatu katika ngazi ya kawaida, na tangu 2019 hesabu zimegawanywa mara mbili: moja imeegemea uchambuzi na mbinu za aljebra, nyingine matumizi na takwimu. Kila moja ina ngazi zote mbili. Ziko kozi za uhandisi zinazokubali aina yoyote mradi iwe ngazi ya juu, na ziko zinazotaka ile ya uchambuzi peke yake. Kwenye cheti zote zimeandikwa hesabu. Mifumo mingine nayo ina mgawanyo wake, ya kawaida na ya juu, halisi na tumizi, na ukitaka uhandisi kaa upande mgumu zaidi unaoweza kuumudu kwa alama nzuri. Kutoka mgumu kwenda mwepesi katikati ya muhula shule nyingi zitakuruhusu. Kinyume chake ni nadra.

Ukikuta masharti ya chuo yameandika "hesabu" tupu, usikisie. Iandikie ofisi ya udahili leo hii, sentensi mbili tu: "Nasoma hesabu za aina hii, ngazi hii, na nitamaliza mwaka huu. Je, zinatosheleza sharti la hesabu kwa kozi yenu ya uhandisi?" Jibu likija, lihifadhi. Fomu mwombe mshauri akuongezee siku mbili.